Siku Ile Susan Hakuwa Ametoka Dukani

Apple Valley, Minnesota
Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa Shemeji Wairimu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na Ian, na kwamba lile goti linakuruhusu kupanda hadi shambani bila kusimama njiani. Mama anaendeleaje? Kifua chake kimetulia? Uliponiambia kwamba chakula cha jioni anakirudisha bila kukigusa, nilimwelewa. Mwambie namkumbuka kila ninapoketi mezani, maana mimi pia nakirudisha.

Huku tuna afya ya mwili. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara zimejaa maji machafu. Nimerudi kazini hospitalini, ingawa leo nimeomba ofu ili nikuandikie. Chepkemoi anaenda shule na alama zake ni nzuri, nzuri kuliko zamani hata. Nakutajia hilo mapema kwa sababu najua utauliza, lakini usilifurahie kabla hujasoma mpaka mwisho.

Wiki iliyopita ulipoongea naye kwa simu, ulimwuliza kwa upole tu, siku ile yeye na mama yake walikuwa wamekwenda kununua nini. Akanipa simu, akaingia bafuni, akafungulia maji. Nilikuambia mtandao ni mbaya. Shemeji, mtandao ulikuwa mzuri. Na huko nyumbani, siku ya mazishi ya dada yako, uliponivuta kando ukaniuliza kwa nini mtoto amesimama kaburini kama mgeni, bila hata chozi, nilikujibu ni uchovu wa ndege. Hilo nalo halikuwa kweli. Kwa simu nimeshindwa kusema. Ukianza kulia nitanyamaza, na nikishanyamaza sitalirudia tena.

Susan hakuwa ametoka dukani.

Unakumbuka Chepkemoi alivyokuonyesha picha za ule mchezo wake, wa fimbo yenye wavu mdogo wa kudakia mpira? Unaitwa lakrosi. Majira ya joto huchezwa kwenye nyasi. Baridi ikija, kuna mpango wa watoto unaofanyika ndani ya ukumbi, kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa mbao pande zote, watano watano na kipa. Mpira ni mgumu kama jiwe. Hakuna pa kukimbilia, kwa hiyo watoto wanagongana na kubamizana kwenye zile mbao. Mwaka jana mtoto alivunjika kidole kwenye nyasi, nami nikasema basi, huo wa ndani asahau. Nimewapokea hospitalini watoto waliogongwa vichwa, Shemeji. Nilisema hapana, na nilisema kwa sauti. Susan hakubishana. Nilidhani amekubali.

Hakukubali. Alimwandikisha mwezi wa Novemba. Zamu zangu zilikuwa za Jumamosi na Jumapili, kutoka alfajiri mpaka jioni, kwa hiyo kila Jumamosi nikishatoka, walipakia vile vifaa kwenye gari lake na kwenda Plymouth, mwendo wa dakika arobaini. Walirudi kabla yangu. Nikifika nyumbani nawakuta wote wawili jikoni, wananiuliza kazi ilikuwaje. Miezi miwili na zaidi sikujua kitu.

Jumamosi hiyo ya Januari walikuwa wanarudi kutoka huko. Susan alikuwa anaendesha, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Aliweza kuliondoa gari barabarani na kulisimamisha pembeni kabla mkono wake wa kulia haujakataa kufanya kazi. Mtoto ndiye aliyepiga simu ya dharura. Yaliyofuata unayajua, siku tatu za mashine, mpaka Jumanne. Nilipomwuliza Chepkemoi walikuwa wanatoka wapi, alijibu, "Dukani." Sikuwa na sababu ya kumwuliza mara mbili.

Siku ya ibada ya kumuaga mama yake hapa, kabla hatujasafiri naye kuja kwenu, kanisa lilikuwa limejaa Wakenya tunaofahamiana. Mara mlango ukafunguliwa wakaingia wasichana kumi na watano hivi, wamevaa jezi za kijani juu ya masweta yao, wakasimama nyuma kimya. Nilidhani wamepotea njia. Baada ya ibada mama mmoja aliyekuja nao akanishika mkono. Alijitambulisha kama Rachelle, kocha wao.

"Hatuamini," akaniambia. "Jumamosi ile alikaa palepale pake pa siku zote, akatushangilia mpaka mwisho."

"Jumamosi gani?" nikauliza.

Akanitazama, akamtazama Chepkemoi aliyekuwa amesimama nyuma yangu, na sote watatu tukaelewa.

Sasa nafika pale panaponishinda. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, sisi wawili tu ndani ya gari, nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua. Nilihisi nimedanganywa na mke ambaye siwezi hata kugombana naye. Na aliyekuwa karibu ni mtoto. Nikamwambia, "Kama mngenisikiliza, mama yako angekuwa hai."

Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Msichana wa miaka kumi na minne, mama yake yuko kwenye jeneza.

Alitazama nje mpaka tukafika. Siku chache baadaye alisimama pale kaburini, mbele yenu nyote, akiwa na hayo maneno kifuani. Nami nikachukua kipaza sauti nikawaambia watu kwamba marehemu alikuwa anatoka kutununulia chakula. Mlinipigia makofi ya faraja.

Tuliporudi huku akawa mtoto ambaye kila mzazi angemtaka. Anapika, anafua, anasoma. "Ndiyo, Baba." "Hapana, Baba." Kirafiki kabisa, kama mpangaji asiyetaka kufukuzwa. Fimbo yake niliifungia kwenye buti la gari, na hakuiulizia.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu ugonjwa, maana mimi ni nesi na ninajua. Ule mshipa wa kichwani ungepasuka hata kama angekuwa amelala. Ungepasuka jikoni, ungepasuka kanisani. Na siku mbili kabla, Susan aliniambia kichwa kinamwuma kuliko alivyowahi kuumwa. Mimi nilikuwa navaa viatu vya kazi. Nikamwambia anywe maji mengi na ameze dawa. Kipimo cha presha kiko kwenye droo ya jikoni, hatua nne kutoka pale nilipokuwa nimeketi. Mgonjwa yeyote akiniambia maneno hayo kazini, namkimbiza kwa daktari. Lile kosa nililomtwisha mtoto lilikuwa langu, na nililijua hata wakati kinywa changu kikisema.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikaenda Plymouth peke yangu kurudisha kofia na glavu ambazo mpango ule ulikuwa umemwazima. Nilitaka kuviacha mlangoni niondoke. Lakini kuna mama mmoja Mkongo, Donatille, aliniona. Binti yake Kirezi anacheza timu moja na Chepkemoi. Kumbe yeye na Susan walikuwa wakikaa pamoja kila wiki, wakizungumza Kiswahili chao, huyu cha Bukavu, huyu cha Nyahururu, wakichekana. Aliniambia Susan alikuwa akipiga kelele "Rudi! Rudi nyuma!" mpaka wazazi wa Kizungu nao wakajifunza kupiga kelele "Rudi!" bila kujua maana yake. Nilisimama pale nikicheka na kulia. Susan wa nyumbani kwangu hakuwa mtu wa kupiga kelele.

Kisha Donatille akaacha kucheka.

"Papa Chepkemoi," akasema, "kuna kitu sijui kama mutoto alikuambia. Ile siku, wakati wa kupumzika, yeye ndiye aliomba warudi nyumbani."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Susan alikuwa anafunika macho, mwanga unamuumiza. Mutoto akaona. Akatoa kofia, akaja mpaka hapa tulipokaa, akasema, 'Mama, twende nyumbani, hauko sawa.' Susan akakataa. Akamwambia, 'Rudi umalize mchezo wako, usiwaache wenzako.' Hata mimi nilimwambia nitawapeleka na gari yangu. Akakataa. Mutoto aliomba mara mbili, Papa. Nilikuwa hapa."

Shemeji, nilikaa kwenye gari nje ya ukumbi ule muda mrefu. Mtoto alikuwa na jibu. Tangu siku ile nilipomrushia maneno yale, alikuwa na jibu la kunifunga mdomo, na hakulitumia.

Nilimkuta mezani anafanya kazi za shule. Nikamwambia nimeonana na mama yake Kirezi. Akaweka kalamu chini.

"Kwa nini hukuniambia kwamba ulitaka kurudi nyumbani?"

Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alisema, "Ungemkasirikia Mama. Na yeye hawezi tena kujitetea."

Nilipiga magoti pale sakafuni. Nilimweleza yote, maumivu ya kichwa, maji na dawa, kile kipimo kwenye droo. Nilimwambia nilisema uongo ndani ya gari, kwamba nilitafuta mtu wa kubeba mzigo wangu nikamwona yeye. Nikamwomba msamaha. Aliniwekea mkono begani, akasema, "Ni sawa, Baba." Alisema vizuri, kwa adabu. Ndivyo anavyomjibu mwalimu wake.

Nilimwambia nitampeleka mwenyewe mazoezini, kwamba nimeomba Jumamosi zote zilizobaki. Alitikisa kichwa. Nikamwambia kocha Rachelle alikataa kupokea vile vifaa, kwamba jezi yake bado ipo. Akasema hataki tena. Mimi niliyekataza, Shemeji, sasa ndiye ninayebembeleza, na hataki. Jana ilikuwa siku ya mwisho ya mpango wao, mechi ya fainali. Asubuhi nilijaribu mara moja tena. Saa ya mchezo ilipofika aliketi dirishani na simu yake, Kirezi akimtumia matokeo kila bao likiingia. Walishindwa kwa mabao mawili. Akazima simu akaenda kukunja nguo.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Hasira zako zote nipe mimi, na hata ukisema sitakanyaga tena kwenu nitaelewa. Lakini yeye mpigie. Usimwulize lolote. Mwambie unajua yote, na kwamba hakuna alilokosa. Kutoka kwangu halimwingii, na simlaumu. Wewe una sauti ya Susan. Ulipoongea kwenye simu wiki iliyopita, kabla hujauliza lile swali, nilimwona amefumba macho anakusikiliza tu. Na shule zikifungwa mwezi wa sita, kama utakubali, nitamleta akae kwako mpaka Agosti. Msimlazimishe kuongea. Mpe jembe, mpe ng'ombe wa kukamua, alale chumba kimoja na bibi yake.

Nisalimie Mama sana. Mambo haya msomee wewe mwenyewe, siku utakayoona anaweza kuyabeba. Msalimie Ian, mwambie asante kwa kulala nje na wale vijana akilinda hema usiku wa kuamkia mazishi. Wasalimie akina mama wa kanisa walioimba mpaka sauti zikakauka.

Asubuhi hii nilimwambia Chepkemoi kwamba nakuandikia, na kwamba nakuandikia ukweli. Nikamwuliza kama ana salamu. Alimaliza kukunja shati alilokuwa ameshika. Halafu akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno, yeye ambaye nikimsemesha kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza tangu akiwa darasa la pili. Nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie Anti Wairimu, Mama hakuwa peke yake. Nilimshika mkono. Sikuachilia mpaka ambulensi ikakuja, na hata wakaniambia niachilie, bado sikuachilia."

Mungu wa Susan awatunze huko mliko, na awape usingizi usiku wa leo.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na nisiyestahili,

Elkanah