Nyasi Fupi

Jumamosi, kando ya Ziwa Baringo

Sikusema kitu, na hilo ndilo linaniudhi. Mimi pia niliona ile nyasi fupi, sawa kama ya kukatwa na mashine, nikafikiria kondoo. Ukikulia shamba kule Njoro, nyasi fupi ni kondoo. Mume wangu, Baba Wambui, akapiga hema hapo hapo, akafungua kiti chake kipya, akaketi kama tajiri wa Milimani.

Saa kumi na moja mama mmoja akapita na mbuzi, akitoka kuwanywesha. Akasimama.

“Boss, hapo umeweka hema kwa njia ya kiboko. Hiyo nyasi ni yeye hukula.”

“Usijali, mathe, tutawasha moto.”

“Moto ni wako. Njia ni yake.” Akaenda zake.

Huku hakuna choo, hakuna jirani, hakuna network, na gari tuliliacha mbali juu kwenye mawe. Nikang'oa vigingi mwenyewe, nikaburuta hema mpaka kando kwenye miiba. Mume wangu alibaki kwa kiti chake, kuonyesha haogopi, mpaka giza likaingia na kitu kikapumua majini. Alikuja mbio, bila kiti.

Sasa tunasikia nyasi ikiraruliwa. Halafu kitu kimevunjika, polepole, bila haraka yoyote.

Hajasema pole. Amehama tu, akalala upande wa maji, aliko kiboko, akaniachia mimi upande wa miiba.