Kwale Anayeachiwa

Migato, 12 Juni 1995

Mdogo wangu Renatus,

Mwangaluka. Barua yako ya kutoka milima ya Udzungwa imenifikia. Huku mvua ilikuwa haba, ila pamba ipo kiasi, na wanunuzi binafsi wanagombania hata hii yangu iliyojaa majani makavu.

Nilimsomea mayu habari za yule kwale wa msituni mnayemtafuta wewe na hao watafiti, anayejificha chini ya miti yenye ukungu na kukimbia badala ya kuruka. Nilipofika pale mnapomnasa, mnampima miguu, kisha mnamwachia, mama yetu alinisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Basi mwanangu amepotea. Kwale anaachiwaje, na maji ya ugali yamechemka?"

Tulicheka sana. Nikamwambia wewe angalau unanasa kwale. Mitego yangu ilinasa kuku wa jirani tu, na jirani hajasahau.

Renatus, katika barua zangu mbili zilizopita niliandika kwamba mayu ni mzima. Aliniagiza hivyo, usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yake. Si kweli. Tangu Machi hatoki kitandani, na macho hayaoni tena. Daktari wa Bariadi ametuambia tukae naye nyumbani.

Omba ruhusa. Wakikunyima, ondoka tu. Ndege huyo ameishi miaka mingi bila wewe.

Jana mayu aliita jina lako. Akaita tena, nikaitika. Akanishika mkono, akalala.

Njoo uitike mwenyewe.

Kaka yako,
Magese