Mulango moja, foto mbili

Kolwezi, mardi.

…na posta yenyewe imefungwa! Mi nilitoka Likasi juu ya kamyo ya mizigo kwa kupiga foto ya majumba ya Kolwezi, nitengeneze kadi ya posta. Batu ya Kasai banafukuzwa barudi kwabo, mi natafuta mwangaza muzuri. Akili gani hii?

Asubuhi nilikuwa mu kamp ya bakazi, napima na kamera ile shimine ndefu ya usine ya shaba. Haitoe tena moshi, lakini mu foto inapendeza. Mama moja ya Kasai akaniita. Benyeji balimuambia atoke mu nyumba leo leo. Yeye alishavalisha batoto nguo ya misa, akabapanga mbele ya mulango.

«Tata, piga na mulango yote. Kule tunaenda, batasema sikukuwa na nyumba.»

Nikapiga. Bakaenda ku gare kungojea train, magodoro ku kichwa.

Mangaribi nikapita tena pale. Mulango wazi, tata mupya ndani, mwenyeji: nyumba balishamupa yeye. «Aa, fotografe! Unipige na mulango. Mama yangu kule Sandoa hataamini.» Akanyoosha pazia ya mama ya asubuhi, akasimama, akacheka.

Nikapiga. Njo kazi yangu.

Basi, shimine niliipata mara mbili, nyuma ya bichwa byao.

Foto ya ule tata, najua mulango ya kupeleka. Ya mama njo inanisumbua. Nilimuambia asubuhi: mama, foto itakawia, nitaisafisha kwanza Likasi, train itawachukua mbele iko tayari.

Akaniangalia na huruma, kama vile mi njo nafukuzwa.

«Usiogope, tata. Leta tu ku gare. Batu ya mwezi uliopita bangali kule, banangojea train. Utatukuta.»