Skola Amesema Huduma ni Nzuri

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nawasalimu wote hapo Kabwe, na natumaini mguu wa baba umepona kiasi cha kurudi mwaloni kuvua. Huku Sumbawanga baridi haina huruma, nalala na masweta mawili. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu muda wote niko wodini kando ya Skola, na haya sitaki ayasikie.

Hali ya mdogo wangu huyu iko palepale. Ule wekundu wa mashavuni tuliodhani ni jua la ziwani, daktari anauita lupasi: kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Jua halitakiwi kabisa, ila kitanda walichompa kipo dirishani! Nimetundika kitenge changu. Manesi si wabaya mama, wamezidiwa tu.

Juzi alipita dada mmoja anayeuliza wagonjwa kuhusu huduma wanazopewa. Nilikuwa narudi na uji, nikawasikia.

"Huduma unaionaje?"

"Nzuri."

"Daktari anakuelewesha kuhusu dawa?"

"Ananielewesha."

"Na maumivu?"

"Nafuu, namshukuru Mungu. Poleni na kazi."

Damu ilinichemka. Huyo mwenye nafuu hageuki kitandani bila kushikwa, na dawa anazomeza hajui hata ni za nini. Daktari naye akipita anajibiwa hivyohivyo, kama mgeni aliyebisha hodi. Miguu ilivimba, haja ndogo ikawa na povu, yeye akanyamaza akaficha miguu chini ya shuka. Mimi ndiye niliyemfunua. Wakampima, wakakuta figo zimeanza kuharibika.

"Mbona hukusema, binti?" daktari akamuuliza.

"Niliona mna wagonjwa wengi."

Mama, sikulaumu, naogopa tu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu akiulizwa hali haanzi kulia. Nimembembeleza, nimemgombeza, wapi! Daktari anasema figo zikizidi, hapa hawataweza tena. Panda basi uje. Kaa kitandani pake, umwambie kwa kinywa chako kwamba kusema "naumwa" si kukosa adabu. Kwangu hasikii, kwako atasikia.

Barua hii nampa kondakta wa basi la huko. Nisalimie baba, shangazi muuza dagaa, na katekista wetu anayemwombea. Wakikuuliza hali ya Skola, tafadhali mama, usiwaambie hajambo.

Mwanao,
Anatolia