Ngome Tatu za Ukoo wa Anastazia

Jumatatu, 4 Septemba 1911

Nimefagia uwanja. Nimemwagilia migomba iliyo kichwani pa kaburi la Anastazia. Rozari. Uji.

Saa tatu alikuja shemeji Mloka, ndugu wa marehemu mke wangu. Amenialika matembezi ya siku nne: kwanza mji wa Morogoro, kisha ngome tatu za kale ambamo wazee wake walijificha zamani za vita. Miaka thelathini ya ndoa hakupata kunialika hata kwenye palizi. Naomba radhi kwa kuandika hivi, lakini simwamini.

Jumapili tunaondoa tanga. Huku nyumba na ardhi ni za ukoo wa mama. Tanga likiisha, mgane hurudi kwao. Mimi sina kwetu. Mapadre wa Bagamoyo walinikomboa utotoni kutoka mikononi mwa wauza watu, wakanilea. Sikumbuki hata jina la mto wa nyumbani.

Nadhani wanataka nitoke ili wao waingie. Nimenyunyiza majivu kizingitini. Atakayeingia ataacha unyayo.

Jumanne, 5 Septemba

Morogoro. Tumelitazama boma la Wadachi kwa mbali. Nilimvulia askari kofia, hakunitazama. Stesheni tuliliona garimoshi. Lilipopiga kelele Mloka aliruka nyuma, kisha akadai alikuwa anatafuta kivuli.

Tulipita kwenye ukuta wa mji wa zamani. Magofu. Watu wamechukua mawe yake wakajengea majiko.

Jioni Mloka alinunua bafta nyeupe, mikono minne. Nilimwuliza ni ya nini. "Ya safari, Mwalimu." Safari ya nani? Nadhani ni nguo ya kunisindikizia.

Jumatano, 6 Septemba

Ngome ya kwanza. Njia kali, magoti yanauma. Handaki lililofukiwa, duara la mawe, ua wa minyaa. Wavamizi hawakupata kuingia hapa. Mimi nilitoka upande usiokuwa na ngome.

Mloka alichana kipande cha bafta, akanitaka nikifunge kwenye mti wa lango. Nilimwambia, "Niwie radhi, shemeji, katekisimu hainiruhusu." Akauliza, "Mwalimu, kwenu ni wapi?" Nikajibu Bagamoyo, kwa mapadre. Akasema mapadre si ukoo.

Maneno hayo yameniumiza. Anajua jibu. Kwa nini anauliza?

Alhamisi, 7 Septemba

Ngome ya pili, upande wa Mgeta. Ukungu. Anaishi hapo bibi mmoja, shangazi wa marehemu. Nilimwamkia shikamoo. Alinitazama toka juu hadi chini. "Huyu ndiye mume wa Anastazia? Mbona amekauka kama kambare wa kubanika! Binti yetu alikuwa anakupa nini, baba, sala tupu?" Nilicheka kwa adabu. Sikufurahi.

Wakanong'ona Kiluguru, kana kwamba sikisikii. Nilisikia neno moja tu: nyumba.

Kipande kingine cha bafta. Nimekataa tena, kwa upole. Bibi akanipa mgongo. Nililala nikifikiri mtu wa umri wangu aende wapi.

Ijumaa, 8 Septemba

Tumerudi. Majivu yamekanyagwa. Nyayo ndogo, za wanawake.

Nilimgeukia Mloka hapo hapo mlangoni. Nilimwita mwizi. Nilisema amenizungusha milimani ili dada zake wanipore nyumba. Sijapata kumwambia mtu maneno kama hayo. Nimeaibika kuyaandika.

Alikaa chini kwenye kizingiti. "Ingia uone kwanza, Mwalimu." Niliingia. Kuta zilikuwa zimekandikwa upya. Kitanda kilikuwa kimewambwa kamba mpya. Sanduku la nguo za Anastazia halikuguswa.

Kisha akanieleza. Kabla hajafa, Anastazia alimwomba nduguye nibaki humu, na nikifa nilazwe ubavuni mwake. Lakini mgeni hazikwi katika ardhi ya ukoo mpaka ngome zimjue: huulizwa kwao langoni, kisha hufunga kitambaa. "Mbili zimekuona ukikataa. Ningekuambia mapema, ungekuwa umefundishwa jibu."

Jumamosi, 9 Septemba

Sikula. Nimeomba radhi kwa Mloka. Nimeomba radhi kaburini.

Ngome ya tatu iko mlimani, juu ya nyumba hii. Mloka anasema ndiyo kubwa. Ikikujua, ndogo hunyamaza. Katekisimu nimeifundisha miaka ishirini na saba. Nimeisoma tena leo, ukurasa kwa ukurasa. Anastazia hayumo.

Jumapili, 10 Septemba

Alfajiri, kabla ya misa, tulipanda wawili. Mawe yamelowa umande. Mloka aliuliza, "Mwalimu, kwenu ni wapi?"

Nikasema, "Kwa Anastazia."

Akanipa kipande cha bafta. Nilifunga fundo mara mbili. Kwa Padre nitaungama mwenyewe.

Tanga limeondolewa. Wageni wamekwenda. Nimefagia majivu kizingitini.