Moto Haukutokea

Kaka,

Barua yako imefika. Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Binti wa shangazi amejifungua mapacha. Unauliza kama sasa unaweza kurudi, maadamu serikali imewasamehe wote mliopigana. Ngoja nikueleze yaliyotokea darasani kwangu.

Tumeletewa kitabu kipya cha historia. Vita vya miaka tisa vimepewa ukurasa mmoja. Kuhusu shule yetu kimeandika: "Moto ulitokea, na wanafunzi kadhaa wakapoteza maisha." Nilisoma kwa sauti. Kadhaa! Walikuwa thelathini na mmoja, na mlango ulifungwa kwa nje.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, moto ulitokea wapi?"

"Haukutokea," nikasema. "Uliwashwa."

"Na nani?"

Tangu uliponiungamia nimekusitiri. Nimewadanganya majirani waliozika watoto kwamba siku ile ulikuwa upande mwingine wa nchi. Nimechoka.

"Na wapiganaji," nikajibu. "Kaka yangu alikuwa mmoja wao."

Mwalimu mkuu amenisimamisha kazi, eti nachochea chuki. Mama hanisemeshi. Lakini jana yule msichana alinisimamisha barabarani akaniuliza utakuja lini.

Serikali imekusamehe bila kutuuliza sisi. Rudi ukitaka, ila usianzie kwa mama. Mama yake yule msichana alizika wawili, na nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. Bisha hodi hapo kwanza.

Mimi mdogo wako, na hasira zangu zote.