Mawe Mawili ya Mama

Bweni, Mafia
Jumatatu

Kaka Sufiani,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Kibiti, wewe, wifi Aziza na watoto. Huku sote tunapumua, ila moyo wangu hautulii. Simu ingefika upesi, lakini haya nikianza kuyasema nalia, ndiyo maana nimempa kijana wa jirani, Kheri, anayevuka kesho, akukabidhi mkononi.

Barabara imetufikia. Mwezi juzi alikuja mthamini wa serikali, akapaka alama nyekundu minazi yetu yote ya upande wa kisima kikavu. Mtu wa adabu. Alisema kila kilicho chetu kiandikwe, ni haki yetu, na tusitie sahihi kabla hatujaridhika. Nilimpitisha mti kwa mti, hadi michungwa aliyopanda marehemu mama, nikajiona mjanja kweli.

Wiki iliyopita minazi ilikatwa. Sasa ukikaa barazani unaiona bahari, ambayo tangu tuzaliwe hatujawahi kuiona kutoka pale. Sikuipenda hata kidogo.

Juzi jirani yetu Hafidhi alihamishiwa kaburi la baba yake. Serikali ilitoa sanda na mbao, shehe akasoma dua, mzee akazikwa upya kwa heshima zote. Nilichungulia kutoka uani hadi mwisho.

Kaka, mthamini aliniuliza kama shambani kuna kaburi. Nilisema hakuna. Niliogopa watamfukua mama wakamtupe wanakojua wao. Sikujua kuna utaratibu. Nikatia sahihi. Tena, asije akarudi akaniumbua, niliyang'oa yale mawe mawili, la kichwani na la miguuni, nikayatumbukiza kisimani.

Leo asubuhi nimekwenda ofisi ya kijiji nikasema yote. Hawakunigombeza. Greda litasubiri hadi Alhamisi na mama atahamishwa, mradi niwaoneshe alipo. Nimezunguka pale tangu adhuhuri. Nilikuwa napajua kwa minazi na mawe; sasa minazi haipo, mawe hayapo, udongo wote umevurugwa. Siku ya maziko sisi wanawake tulibaki ndani, na wajomba walioshuka nawe kaburini wote wametangulia. Umebaki wewe.

Wasalimie wifi na watoto. Kunisamehe utaamua mwenyewe, hata ukija umenuna nitakupikia. Lakini njoo kabla ya Alhamisi, kaka. Kisima bado kipo. Simama pale unioneshe mama yuko wapi.

Mdogo wako,
Mashavu